Namna ya Kusimamisha Boti

Katika riwaya ya Élie, mwalimu mmoja anavuka mto Mutambala kwa miguu, maji yakimfika kiunoni, na akitokea ng'ambo anakuta miaka kumi na minane imerudi nyuma. Anateremka Baraka, anaikuta ufukoni boti ambayo yeye anajua itazama karibu na Swima, anamwambia kapiteni, "Nimetoka kesho. Nimewaona maiti wenu." Kapiteni anavua kofia, analia, anazima mota. Abiria wote wanashuka, na historia inabadilika.

Niliposoma ukurasa huo mara ya kwanza nilicheka mpaka binti yangu Saumu akaja kuuliza kuna nini. Makapiteni wa Baraka ninawajua. Ukimwambia mmoja wao kwamba boti imejaa, anakuuliza kama umekuja kusafiri au kuhesabu watu. Sasa aje mgeni mwenye suruali mbichi, aongee habari za kesho, na mtu azime mota? Élie amezaliwa hapa hapa, tumesoma naye darasa moja, lakini amekaa sana Bujumbura na amewasahau watu wake.

Kazi ya kuigeuza riwaya hiyo kuwa mchezo wa televisheni nilipewa mimi kwa sababu nimeandika michezo ya redio miaka mingi, na kwa sababu hakukuwa na mwingine. Shida ilikuwa ukurasa ule ule. Tulikaa nyuma ya nyumba yangu, mimi, Élie, na Wilfried, mwongozaji wa filamu aliyetoka Bukavu, tukaugombania kutwa nzima.

"Bushira, ni roman," Élie alisema. "Bantu banasomaka roman juu ya kuamini."

"Roman muntu anasomaka yeye peke yake. Televizio banaangaliaka na majirani. Jirani moja akicheka, imekwisha."

Wilfried alitaka kujua ni kitu gani basi kingeweza kusimamisha boti ya Baraka. Nilimwambia sijui. Mtu wa serikali? Watamnong'oneza, watamtia kitu mfukoni, wataondoka. Upepo? Watausubiri upungue kidogo. Pasta, shehe, mama mzazi? Wote watapungiwa mkono. Mwisho tukaacha maneno ya Élie yalivyo mpaka tupate mengine bora. Nusu ya pili ya kitabu, ambapo mwalimu anarudi wakati wake na kukuta mkewe ameolewa na mmoja wa wale aliowaokoa, tuliikata yote. Kubadilisha historia ni ghali kwenye televisheni. Tukabaki na boti.

Lazima niseme kwamba boti hiyo haikutoka kichwani mwa Élie. Kaka yangu Zakaria aliipanda asubuhi moja kwenda Uvira kununua vipuri vya redio. Alikaa mbele, juu ya magunia ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na hatukumwona tena, hata kiatu. Mama yangu anaitwa Mama Zakaria mpaka leo. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina langu mimi niliyebaki. Tangu siku ile naliogopa ziwa, nasema wazi. Naishi Baraka na miguu yangu siioshi humo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikubali kazi ile kwa sababu nilitaka, angalau mara moja, kuiandika boti isiyoondoka.

Tulianza na picha za kilio, kwa kuwa hizo ni za nchi kavu. Roger, dereva wa pikipiki za abiria, alilazwa chini ya mkeka awe maiti ya mfanyabiashara, na Wilfried akawaomba wanawake wamlilie. Wakakaa kimya. Wilfried akarudia, kwa adabu, akidhani hawakusikia. Jirani yangu Clarisse, ambaye mumewe alipotea pamoja na Zakaria, akasema kwa niaba ya wenzake.

"Roger iko muzima. Juzi amenifikisha Lusenda kwa pikipiki yake. Sasa tumulilie, tumuite na jina, halafu kesho apate aksida. Tutamuambia mama yake nini?"

"Mama, ni filme tu."

"Kifo haijuwe filme."

Mtu asiye wa kwetu anaweza kucheka. Sisi hatucheki. Anayemlilia mtu aliye hai amemwitia kifo, na hakuna anayefanya hivyo kwa mzaha, kwa hasira wala kwa malipo. Hata mlevi hafanyi. Roger mwenyewe alikwisha kuinuka, akaenda kusimama mbali nyuma ya ukuta asije akasikia jina lake kwa bahati mbaya. Basi tukaufunika mkeka mtupu, na kila mwanamke akamlilia mtu wake wa boti ile, kwa jina lake la kweli. Wilfried alipata kilio ambacho hakukitegemea. Alizima kamera, akakaa chini, akasema hajawahi kupiga picha kama ile. Mimi niliingiwa na woga, kwa sababu niliwaona wale wanawake walivyoondoka. Hawakuondoka kama watu waliomaliza kazi. Waliondoka wamefunguliwa mlango.

Boti yenyewe Wilfried aliitakia watu thelathini. Tangazo likasomwa msikitini, parokiani na katika makanisa ya Waprotestanti: waje hasa wale walioijua boti ile. Kosa letu lilianzia hapo, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya, maana pengine watu wangekuja kutafuta nafasi ya kuonekana. Wetu walikuja kudai nafasi za watu wao.

"Bwana yangu alikuwa anaikala karibu na mota," Clarisse aliniambia mlangoni pangu. "Mi nitaikala pale. Na pembeni yake kulikuwa wale bandugu bawili ba Swima. Batoto yabo balipashwa kuitwa. Mi nimeisha kubatumia muntu."

"Clarisse, tunataka thelathini."

"Mama Saumu, ile siku walikuwa thelathini?"

Kiti cha marehemu hakiachwi kitupu, na hakipewi mtu wa nyumba nyingine. Nani angemwambia mjane, wewe mumeo hatumhitaji? Waliitana mpaka Lusenda, mpaka Fizi juu mlimani. Jioni mama yangu, akichagua mawe kwenye mchele, aliongea bila kuniangalia.

"Mbele, juu ya mifuko. Pale ni pa Zakaria. Nitapaikala mi."

"Mama, hapana."

"Nilikuuliza?"

Mama yangu ni mtu mwembamba, hasemi sana, na akishaamua, hata ng'ombe hamvuti. Nilikwenda kwa Wilfried kumwomba akatae watu. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Alisema hakuna mwigizaji duniani anayeweza kumpa sura zile. Nilimwambia ziwa hili si mchezo. Akasema analijua ziwa, amekulia Bukavu. Ziwa lake ni Kivu, ambalo yeye amezoea kulivuka kwa meli yenye viti na mtu wa kuuza soda.

Asubuhi ya kupiga picha ziwa lilikuwa limelala. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi, kwa sababu hivyo ndivyo lilivyokuwa asubuhi ya Zakaria. Ufuko ulijaa. Akina mama wamevaa vitenge vya sikukuu, wajane, yatima ambao sasa ni vijana wenye ndevu, hata mzee mmoja aliyebebwa kwenye kiti. Walipanda mmoja mmoja, kila mtu akienda pake bila kuelekezwa, na hakuna aliyesukumana na mwenzake. Walikaa kama watu wanaorudi nyumbani.

Mwenye boti, Mashaka, ndiye aliyeigiza kapiteni, maana hakukubali mkono wa mtu mwingine uguse mota yake. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyefika salama mara nyingi mno. Alisimama nyuma na kofia aliyopewa, akicheka na kila anayepanda.

Halafu niliyaona magunia. Boti ya wakati ule ilibeba ndagala wakavu, na gunia la ndagala mwanamke mmoja hulitia kichwani na kwenda nalo sokoni. Yale yaliyokuwa mbele ya boti yalibebwa na wanaume wawili wawili, na walipoyatua boti ilitikisika. Wilfried alikuwa amewaambia wayajaze mchanga, mpaka juu, yaonekane yameshiba. Mchanga ni bure. Mama yangu alikuwa amekwisha kukaa juu yake, mikono imelala mapajani.

Niliangalia ubao wa pembeni. Ulikuwa umebakiza kiganja kimoja juu ya maji, na watu walikuwa bado wanapanda.

Nilimfuata Wilfried. Nikamwambia habari ya mchanga, nikamwambia habari ya ubao. Aliniwekea mkono begani. Wangetoka tu nje ya ghuba, alisema, pale ambapo mawimbi yanaanza kuonekana vizuri, na boti ya kamera ingekuwa pembeni yao. Nikamuuliza makoti ya kuokolea yako wapi. Yalikuwa ufukoni, yamerundikwa chini ya turubai. Yalikuwa machache, na rangi yake ya machungwa, alisema, haikuwemo kwenye boti ya mwaka ule, watazamaji wangegundua.

"Watagundua," nilisema. "Na ziwa je?"

Hakunielewa. Alikuwa anaangalia mwanga.

Nikamfuata Mashaka. Niliingia majini, mimi ambaye siingii majini, mpaka magotini, nikashika ubao. Sauti ilikuwa inanitetemeka.

"Mashaka, washushe bantu. Boti imejaa."

"Mama Saumu, hii boti inabebaka zaidi ya hii, na mizigo juu. Ona ziwa. Iko inalala."

"Ile siku pia ililala. Mashaka, itazama. Nakuambia itazama, nimeona maiti yenu."

Maneno yalinitoka yenyewe. Nilipoyasikia nikajua ni ya nani, na boti nzima ikajua pia. Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walifurahi kuona kazi imeanza. Mtu mmoja akapiga kelele kumwita Bertin, kijana aliyeigiza mwalimu, aje asikilize namna mwandishi mwenyewe anavyosema. Bertin alikuwa amesimama karibu yangu na suruali iliyoloweshwa kwa ndoo. Alikuwa akirudia sentensi yangu kwa sauti ndogo, midomo ikicheza, ajifunze mtetemeko ule.

"Bertin, mi sichezi," nikamwambia.

"Iko ndani pia, Mama Saumu," akajibu kwa upole. "Mwalimu anasemaka, 'Mi sichezi.' Mbele tu kapiteni aanze kulia."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Woga wa kwanza ulikuwa wa maji, na huo nimeuzoea. Huu ulikuwa mwingine. Kila neno ambalo mtu angeweza kulisema kuwashusha watu wale, mimi na Élie tulikuwa tumekwisha kulitia katika mchezo. Ningesema ninaapa, mwalimu anaapa. Ningelia machozi, mwalimu analia machozi, kuna hata maelezo ya namna ya kuyapangusa. Tulikuwa tumeyatumia maneno yote ya kweli, na sasa watu wangekufa wakinipigia makofi.

Nikamwita mama. Alikuwa anaangalia maji mbele yake na uso umetulia, uso ambao sikuwa nimeuona tangu nilipokuwa msichana. Hakugeuka. Mashaka akavuta kamba ya mota. Ikakohoa. Akavuta tena, ikashika, na watu wa nyuma wakaanza kusukuma boti kwa miti. Ubao ukanitoka mkononi.

Nikatia mikono kichwani.

"Saumu. Yoo, Saumu wangu. Saumu mutoto yangu, umeniacha na nani. Saumu amekufa, yoo, Mama Zakaria, mujukuu yako ameenda."

Nililia kama tunavyolia sisi, kwa jina, kwa mwili wote, nikajitupa chini majini kwenye yale maji ninayoyaogopa, nikajipiga kifua. Na nasema kweli, haikuwa kuigiza. Jina lile lilipotoka mdomoni mwangu niliona kabisa mtoto amelala chini ya mkeka, na kilio kikaendelea chenyewe.

Mota ikazimwa. Hakuna aliyecheka. Bertin hakurudia neno. Hakuna mama yeyote wa Baraka, hata wa televisheni, anayeweza kumlilia mtoto wake aliye hai; kwa hiyo mtoto alikuwa amekufa. Clarisse alikuwa wa kwanza kuruka majini na kitenge chake chote, akilia kabla hajanifikia, kwa sababu kwetu kwanza unalia na mwenzako, kuuliza ni baadaye. Wakaruka wengine. Wanaume wakawashusha wazee na yule wa kiti. Mama yangu alishuka akiwa wima, akapita kati ya watu, akanipita mimi bila kuniangalia, akaanza kukimbia kwenda shuleni, Saumu alikokuwa. Sijawahi kumwona mama yangu akikimbia. Boti nyuma yetu ilikuwa tupu, imeinuka juu ya maji kama mtu aliyetua mzigo.

Ungefikiri ningefurahi. Nilikimbia nyuma yao nikiwa na woga tu, kwa sababu nilikuwa sijui tutakachokuta. Nilijua Saumu ni mzima, nilimfunga mikanda ya viatu mwenyewe asubuhi ile, lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na neno likitoka halina mwenye kulirudisha. Njia nzima wanawake wale wote wa boti walikuwa wakilia jina la mwanangu.

Darasani walimu walikuwa wameacha kufundisha. Mama alikuwa tayari ndani, amepiga magoti mbele ya dawati, akimpapasa Saumu kichwa, mabega, mikono, vidole. Saumu alikuwa na kalamu mdomoni. Aliniona mlangoni, nimelowa, na nyuma yangu watu wote wale.

"Mama," akaniuliza, "ni nani amekufa?"

Kilio kilikatika mtu mmoja mmoja, mpaka nyuma kabisa barabarani. Nilijaribu kueleza. Nikasema mchanga, nikasema ubao, nikasema kiganja kimoja. Mzee mmoja akatema mate chini. Sauti ya mwanamke ikasema "mchawi", pole pole, kama anayejaribu neno, na nyingine ikalichukua. Walikuwa karibu sana nami. Baraka naijua, neno hilo likishachukuliwa na sauti ya tatu, huwa hakuna tena wa kuuliza. Clarisse ndiye aliyesimama katikati, kitenge kinamtiririka maji.

"Mumuache," alisema. "Yeye mwenyewe ameisha kujipiga. Ni kitu gani mutamuongezea?"

Wakatuacha. Kutwa nzima ile ziwa lililala. Hakuna upepo uliovuma, mchana wala jioni; boti za uvuvi zilitoka na kurudi, na mtu angeweza kuvuka mpaka rasi ya Ubwari amekaa juu ya sufuria. Watu walikuja ufukoni makusudi kuliangalia. Kila aliyeliangalia alinigeukia, maana sasa hesabu ilikuwa wazi kwao: boti ile ingekwenda na kurudi, wajane wangepata siku yao, na mimi nilikuwa nimeitoa roho ya mtoto bure. Ningewaonyesha nini? Mwalimu wa Élie ana bahati, yeye anajua kesho. Mimi nilikuwa na kiganja kimoja cha ubao tu, na sasa hata hicho hakikuwepo.

Mama alihamisha mkeka wake akalala chumbani kwa Saumu, mlangoni, mtu asiweze kuingia bila kumruka. Hakunisemesha. Akitaka chumvi alimtuma mtoto.

Wilfried, kumbe, hakuwa amezima kamera. Alikuja siku chache baadaye, macho yanamng'aa, akaniambia ukurasa umepatikana. Hiyo ndiyo namna ya kusimamisha boti Baraka, alisema, tungekaa mwaka mzima tusingeiwaza. Nilimwambia asithubutu. Akasema jina la mtoto atalifunika kwa sauti ya mota.

"Mota inazimwa pale," nilimwambia. "Utamufunika na nini?"

Aliahidi kufikiri, akapanda gari kwenda Bukavu na picha zake. Usiku ule ule Élie akanipigia simu, akasema sasa hata yeye anauamini ukurasa ule. Nikamkatia. Baadaye nilikaa nikiwaza televisheni zote ambazo mchezo huo ungeonekana, katika nyumba ambazo sizijui, na katika kila nyumba mimi nikimlilia Saumu tena, na tena, kila watakapourudia.

Halafu Saumu akaumwa.

Ilianza kwa kichwa, kama homa zote. Nilijiambia kila mtoto wa Baraka anapata malaria, na ni kweli. Nilijiambia watoto wawili wa jirani nao wana homa, na ilikuwa kweli. Kipimajoto nilikisoma mara tatu. Hospitalini walimtoa damu, wakasema ni malaria kali, wakamtundikia chupa ya dawa. Hapa kwetu mtoto akilazwa, ukumbi hujaa watu na vyungu vya chakula. Kwetu hakuja mtu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso ukutani nilipopita. Clarisse pekee alikuja, akasimama mlangoni, akaacha ndizi kwenye kiti na kuondoka.

Siku ya pili aliweweseka. Aliita majina ya wenzake wa darasani, halafu akasema wazi kabisa, "Mi sijakufa." Nilitoka nje. Nilikuwa tayari kurudi ufukoni, kuwapandisha wote tena, mmoja mmoja, pamoja na mama, na kuisukuma boti ile mwenyewe. Ndiyo, nilifikiri hivyo. Nani atakuambia ukweli kama si mimi?

Mchana wa siku iliyofuata nilikuwa upande mmoja wa kitanda, na mama upande wa pili, kama tulivyokuwa tangu mwanzo, bila neno. Jua liliingia dirishani likamkalia Saumu miguuni. Jasho lilianza kumtoka, kwanza shingoni, kisha usoni, na pumzi yake ikashuka chini, ikawa ya mtu aliyelala. Sikuthubutu kuamini. Mama alimfuta kwa pembe ya kitenge, akaukunja upande ulioloa, akaongea kama vile tulikuwa katikati ya mazungumzo.

"Ile asubuhi nilimusindikiza mi mwenyewe. Nilibeba mufuko yake."

Nikajua anasema nani. Hakuwahi kuniambia hivyo. Siku zote nilidhani alikuwa nyumbani.

"Boti ilikuwa imejaa. Mbao iko hivi tu na maji." Akanyoosha kiganja. "Niliona. Mi si kipofu. Kilio ikapanda mpaka hapa." Akajishika koo. "Nikasema, nikimulilia mutoto muzima, bantu batasema nini? Mama yake anamuitia kifo. Na yeye atasikia haya mbele ya barafiki. Nikaimeza. Nikamupungia mukono, akanipungia, akaikala juu ya mifuko."

Saumu alijigeuza, akanyoosha mkono nje ya shuka. Mama akaurudisha ndani.

"Angenikasirikia sana, Zakaria," alisema. "Anakasirikaka vibaya, unamujua. Pengine mpaka leo angekuwa ananikasirikia."

Nililia, safari hii bila sauti na bila jina la mtu. Mama aliniacha nilie. Kisha akaniambia niende nyumbani nikapike uji, nisiweke sukari nyingi, maana mtoto akiamka atakuwa na njaa.